Kichwa Kilichoachwa Nusu

Kila asubuhi, kabla hajamsalimu binadamu yeyote, Mwepesi alivisalimu vidole vyake. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akajipaka tone moja la mafuta kiganjani, kisha akaanza na kidole kidogo cha mkono wa kulia. Alikivuta taratibu mpaka kilie. Ko! Halafu cha pili yake. Ko! Hivyo hivyo mpaka amalize vyote kumi, na gumba la kushoto lilikuwa la mwisho kwa sababu lilikuwa vivu, siku nyingine lilitaka kubembelezwa mara mbili.

"Hao watoto wako wameamkaje leo?" mdogo wake alizoea kuuliza kutoka kitanda cha pili, shuka likiwa bado usoni.

"Wameamka wote. Aliyelala ni wewe."

Mdogo wake alikuwa Kitinda, kitinda mimba wa mama yao. Mama alipofariki, Kitinda alikuwa na miaka tisa na Mwepesi ishirini na mmoja. Tangu hapo walikuwa chanda na pete, chumba kimoja, vitanda viwili, sufuria tatu. Mwepesi alimlea, akamsomesha mpaka alipokataa kusoma, kisha akamchukua saluni akamfundisha kusuka. Sasa Kitinda alikuwa na miaka ishirini na mmoja yeye mwenyewe, na mdomo uliotangulia miaka hiyo.

Jina la Mwepesi halikuwa la kuzaliwa. Alipewa saluni, kwa sababu ya mkono wake. Wako wasusi wanaovuta nywele mpaka nyusi zinapanda, mteja anatoka pale amekodoa macho kama aliyekutana na nyoka chooni, na hafumbi vizuri mpaka siku ya tatu. Kwa Mwepesi watu walisinzia. Mama mmoja mnene aliwahi kukoroma, akaanguka na kiti. Alipoinuliwa aliuliza, "Tumefika wapi?" kama vile alikuwa safarini.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba kirefu chembamba, viti vinne na vioo saba. Mwenye saluni alipenda vioo kuliko kitu chochote, kila akipata nafasi ukutani anapachika kimoja, kwa hiyo akaitwa Mama Vioo. Kiti cha kwanza, karibu na dirisha, kilikuwa cha Mwepesi. Cha pili kilikuwa cha mwanamke mmoja mwenye habari za mtaa mzima, za walio hai na za marehemu. Huyo aliitwa Redio. Ukiingia asubuhi anatangaza, ukitoka jioni bado anatangaza.

Ungedhani mtu anayeshika vichwa vya watu kutwa nzima hawezi kuwa mpweke. Mwepesi aliwajua wateja wake kwa visogo. Alijua nani ana kovu nyuma ya sikio, nani nywele zimeanza kukatika, nani amelia usiku, maana shingo ya mtu aliyelia hukaza. Walimwambia mambo ambayo hawakuwaambia waume zao. Lakini walimwambia wakiangalia mbele, na yeye alikuwa nyuma. Akikutana nao barabarani walimpita kama nguzo. Yeye mwenyewe hakuwatambua usoni. Mtu akishampita, akageuka akaona kisogo, ndipo alipokumbuka: kumbe ni yule ambaye mwanawe alifungwa. Kwenda zake ameshakwenda.

Saluni ile ilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Kichwa ulichokianza, unakimaliza wewe. Kichwa kimoja hakisukwi na watu wawili. Redio alisema ukivunja sheria hiyo mteja anaumwa kichwa wiki nzima na msusi anakimbiwa na wateja. Mwepesi hakuamini hayo ya nuksi, lakini sheria aliiheshimu kwa sababu yake mwenyewe. Kila mkono una mkazo wake. Wawili wakisuka kichwa kimoja, utaona pale mmoja alipoishia na mwingine alipoanzia, kama ukuta uliojengwa na mafundi wawili.

Na ilikuwepo dawa ya saluni. Wakishonea nywele za bandia walitumia sindano iliyopinda, na sindano hiyo haina urafiki. Ikikuchoma, unanyonya damu, unatia tone la gundi ya nywele juu ya jeraha, halafu unazungushia uzi mweusi wa kushonea, raundi kumi au kumi na tano, unakaza. Damu isiguse nywele za mteja. Kisha unaendelea. Wasusi wote walifanya hivyo, na Mama Vioo alifanya hivyo tangu saluni ilipokuwa na kioo kimoja.

Jumanne moja sindano ilimwingia Mwepesi chini ya ukucha wa kidole cha shahada, mkono wa kulia. Iliingia sana, akaiona ncha ikitokeza upande wa pili.

"Aisee, huyo umemshona na wewe mwenyewe," alisema Redio. "Atakwenda na wewe nyumbani."

Walicheka. Mwepesi alinyonya, akatia gundi, akazungushia uzi. Akamaliza kichwa kile na kingine. Uzi aliukata jioni, na kidole kilikuwa kimekuwa cheupe kwa juu na kimevimba kwa chini.

Jumatano kilimpigapiga kama moyo wa pili. Alikiloweka kwenye maji ya chumvi. Kitinda alipotaka kukiona alikificha kwenye khanga.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema Kitinda.

"Shikamoo, bibi," alisema Mwepesi. "Kamalize kuosha masufuria."

Alhamisi asubuhi, kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, hakuvivuta vidole vyake. Kile cha shahada hakikutaka kuguswa, na aliona si haki kuwavuta wengine na kumwacha mmoja.

Siku hiyo alikuwa na Mwalimu. Mwalimu alikuwa mteja wake wa miaka saba, mwanamke mpole, mwembamba, mwenye nywele nyingi kama msitu. Alikuwa amehamishiwa shule ya mbali na alikuwa anasafiri kesho yake alfajiri. Alitaka rasta ndogondogo, za kumtosha miezi mitatu. Kichwa kama hicho ni kazi ya saa nane.

Walianza saa mbili asubuhi. Kufika saa tano, Mwepesi alikuwa anatetemeka. Nje jua lilikuwa linawaka mpaka bati linalia, na yeye meno yalikuwa yanagongana.

"We Mwepesi, umemeza friji?" aliuliza Redio.

"Nina homa kidogo tu."

"Homa kidogo! Kiti kinatikisika mpaka mteja wangu anadhani yuko kwenye treni."

Kitinda aliacha kufagia, akaja, akamshika mkono bila kuomba ruhusa, akapandisha mkono wa blauzi. Mstari mwekundu ulikuwa umetoka kidoleni, umepita kiganja, umepanda mpaka kwenye kiwiko.

"Dada. Twende hospitali sasa hivi."

"Nina kichwa."

"Nitakimalizia mimi."

"Tangu lini kichwa kimoja kikasukwa na watu wawili? Upande wangu na upande wako? Itaonekana."

"Iache ionekane!"

"Jioni tutakwenda," alisema Mwepesi. "Nikimaliza."

Mwalimu aligeuka. "Mwepesi, kama unaumwa tuache tu. Nitafunga kitambaa."

"Ukaripoti kazini na kichwa nusu? Watadhani umetoroka mahali. Angalia mbele, mwalimu wangu."

Mwalimu akaangalia mbele. Neno hilo lilikuja kumla baadaye, kwamba aliambiwa aangalie mbele na yeye akaangalia.

Saa kumi Mwepesi alichovya ncha za rasta kwenye maji ya moto ili zisifumuke. Mvuke ukampanda usoni na hakuuhisi. Pumzi yake ilikuwa fupi, ya harakaharaka, kama ya mtu aliyekimbizwa. Alizifuta rasta kwa taulo, akazirudisha nyuma zote kwa pamoja, akasema, "Nimemaliza." Halafu akamtazama Redio akamwambia kwa heshima, "Mama, mwambie Kitinda asilale bila kula." Redio hakuwa mama yao. Mama yao alikuwa kaburini mwaka wa kumi na mbili.

Akaanguka. Walipomvua viatu wakaona miguuni madoa ya zambarau, makubwa, yasiyofutika, kama mtu aliyemwagiwa wino.

Ya siku kumi na moja zilizofuata Mwepesi alisimuliwa tu. Yeye alikumbuka mwanga mweupe na kiu.

Daktari, mwanamke mdogo wa mwili mwenye sauti ya kukauka, alimwita Kitinda kando. Alimweleza kwamba bakteria waliingia kwa kidole wakapata njia ya damu, na sasa damu inawatembeza kila mahali. Mwili unapigana nao, lakini unapigana ovyo, kama mtu anayemfukuza nyoka kwa kuvunja vyombo vyote vya nyumbani. Presha imeshuka. Figo zimegoma. Mapafu yanajaa maji. Damu inaganda kwenye mishipa midogo midogo, na huko mbele ya pale ilipoganda, nyama inakufa.

"Kwa sindano tu?" aliuliza Kitinda.

"Kwa sindano. Na kwa kufunga jeraha likose hewa. Na kwa kuchelewa. Angekuja asubuhi tungekuwa na nafasi kubwa zaidi."

Walimpitisha mpira kooni, mashine ikampumulia. Mashine nyingine ikawa inaitoa damu yake, inaisafisha, inairudisha. Walimpa dawa za kuwaua bakteria, na dawa ya kupandisha presha. Dawa hii ya pili ilibana mishipa ya mbali ili damu kidogo iliyokuwepo ibaki kwa wakubwa, yaani moyo na ubongo. Moyo ukapona. Ubongo ukapona. Vidole vilikuwa mbali mno.

Alipozinduka, jambo la kwanza alilofanya ni kujaribu kukivuta kidole kidogo cha kulia. Mkono ulikuwa umefungwa bandeji nene kama mkate. Hakukuwa na cha kuvuta, wala cha kuvutia.

"Viko?" alimwuliza muuguzi, sauti ikiwa kama karatasi.

Muuguzi alijishughulisha na dripu. "Daktari atakuja kukueleza, mama."

Daktari hakumzungusha. Alifungua bandeji ili aone mwenyewe. Vidole vilikuwepo, vingi vyao, lakini vilikuwa vyeusi na vikavu, vimekunjamana kama maganda ya maharage yaliyosahaulika juani. Ukiangalia ungesema ni vya mtu mwingine. Miguuni nako vidole vinne vya mguu wa kushoto vilikuwa hivyo hivyo.

"Mtakata lini?"

"Bado. Tunangoja mstari."

"Mstari gani?"

"Mwili wenyewe utatuonyesha. Huku kilicho hai, huku kilichokufa. Tukikata mapema tunaweza kukata kilicho hai."

Basi wakangoja, wiki tano. Kila walipobadilisha bandeji Mwepesi aliutafuta mstari. Ulitokea polepole, mwekundu upande huu, mweusi upande ule, na ulikuwa umepinda vibaya. Maisha yake yote alikuwa amechora mistari kwenye vichwa vya watu kwa mkia wa chanuo, imenyooka kama rula. Mstari kama huu angeletewa na mwanafunzi angemwambia, rudi ukachane upya.

Wiki ya kwanza baada ya kuzinduka walikuja wote. Mama Vioo alifunga saluni nusu siku, jambo lisilowahi kutokea. Redio alitangaza habari za mtaa mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akaomba aongeze sauti. Wiki ya pili alikuja Redio peke yake. Ya tatu alibaki Kitinda, na Kitinda alifika muda wa kuona wagonjwa ukikaribia kuisha, ananuka mafuta ya nywele, vidole vimekakamaa kwa uchovu.

"Nilikuwa na kichwa, dada. Nisingeweza kukiacha."

"Najua. Mimi ndiye niliyekufundisha."

Kengele ikalia, wageni wakatolewa. Mwepesi akaangalia visogo vyao vikitoka mlangoni, kimoja kimoja, na cha Kitinda kati yao, kimesukwa vibaya kwa sababu aliyekuwa akimsuka alikuwa amelala hapa.

Walipomaliza kukata, mkono wa kulia ulibaki na nusu ya gumba na kidole kidogo. Kushoto palibaki gumba lile vivu, kidole cha shahada, na kipande cha kidole cha kati. Figo zilirudi kazini shingo upande. Daktari alimwambia kwamba wengi wa waliofika pale katika hali yake hawakutoka. Mwepesi alishukuru kwa dhati. Tena alishukuru mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza sauti haikutoka.

Nyumbani, asubuhi ya kwanza, aliketi ukingoni mwa kitanda kwa mazoea. Kitinda alikuwa ameshaamka, yuko nje uani. Mwepesi akasikia kwa mbali, kupitia ukuta: ko! Kimya. Ko! Kitinda alikuwa anavivuta vidole vyake nje ili dada yake asisikie. Na dada yake akalala tena, akajifunika, ili mdogo wake asijue kwamba amesikia.

Mama Vioo hakumtupa. Alimwekea kiti mlangoni. "Utakuwa unawakaribisha wateja. Watu wanakupenda." Kwenye kiti cha dirishani sasa alikaa Kitinda. "Lakini sikiliza," Mama Vioo alimwambia mbele ya wote, "kiti kile ni chako. Siku utakaposuka kichwa kimoja kizima, tangu mwanzo mpaka mwisho, Kitinda atahama. Au vipi, Kitinda?"

"Nitahama nikiimba," alisema Kitinda, na alimaanisha.

Tangu siku hiyo Mwepesi hakuwa na neno jingine moyoni. Kichwa kimoja kizima.

Alikaribisha wateja. "Karibuni, karibuni ndani." Walimpa pole wakiwa wanaangalia miguu yake, na mguu mmoja nao ulikuwa umepungua, kwa hiyo waliangalia vioo. Vilikuwa saba, vilitosha. Siri zao sasa walimwambia Kitinda. Redio akiwa katikati ya kichekesho, Mwepesi akisogea, kichekesho kilikufa. Wakati mmoja Redio alimwambia mteja, "Kidole kimoja hakivunji chawa," halafu akafunga mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Mwepesi ndiye aliyecheka, cheko refu kupita kiasi, ili wenzake wapate pa kupitia.

"Bado vinauma?" mteja mmoja alimwuliza.

"Vipi, vilivyobaki au vilivyoondoka?"

Yule mteja akadhani ni utani. Ukweli ni kwamba vilivyobaki vilikuwa na ganzi. Vilivyoondoka ndivyo vilivyouma.

Mama Vioo alikuwa na kichwa cha plastiki chenye nywele, cha kufundishia wanafunzi. Mwepesi alikiazima, akakipeleka chumbani. Siku ambazo saluni haikuwa na wateja wengi aliaga mapema, akakiweka juu ya meza, akakisuka. Alishika nywele kati ya gumba la kushoto na kidole cha shahada, akapitisha kwa kidole kidogo cha kulia, akabana kwa ile nusu ya gumba. Wiki ya kwanza hakikutoka kitu. Mwezi wa pili ikatoka rasta moja, imepinda kama mkia wa mbwa. Mwezi wa nne zilikuwa kumi, zimenyooka. Mwezi wa sita kichwa kizima. Kile kichwa kilimtazama kwa macho yake ya rangi, kikitabasamu vile vile mwanzo mpaka mwisho. Alikifumua akakisuka tena, akakifumua, akakisuka. Kilikuwa ndicho kichwa pekee alichowahi kukaa nacho uso kwa uso. Siku nyingine alijikuta anakisimulia mambo.

Likizo ilipofika Mwalimu alirudi. Aliingia saluni, akasimama mbele ya kiti cha mlangoni, na yeye hakuangalia miguu wala kioo. Alimshika Mwepesi mikono yote miwili, kama ilivyo.

"Nimekuja kwako," alisema.

"Kunisalimia?"

"Kusukwa. Rasta zile zile."

Mikasi ilisimama. Kitinda tayari alikuwa amenyanyuka, anapangusa kiti cha dirishani kwa taulo, uso umeng'aa.

"Jamani, mwenye kiti karudi!" alisema Redio. "Wahamishwaji wahame!"

Mwepesi alipita katikati ya chumba kile chembamba kwa viatu vyake, cha kushoto kimejazwa pamba mbele. Alichukua chanuo. Akachora mstari wa kwanza kutoka utosini hadi kisogoni, na mstari ulinyooka. Akashika nywele. Akaanza.

Saa ya kwanza hakuna aliyesema kitu. Saa ya pili Redio alipata habari ya kutangaza, mazungumzo yakarudi, vicheko vikarudi, na Mwepesi alikuwa ndani yake, si pembeni. Mtu alimwuliza maoni. Mtu alimtania. Rasta zilikuwa zinakaa, moja kando ya nyingine, za upande wa kushoto zote. Jasho lilimtiririka mgongoni na alikuwa na furaha ambayo hakuikumbuka ilivyo. Alisema moyoni: nusu. Nimefika nusu.

Ndipo alipoona kwamba Mwalimu hajasinzia.

Miaka saba Mwalimu alisinzia kila mara kabla ya saa ya kwanza kuisha. Mwepesi hakuwa na desturi ya kuangalia kioo, kazi yake ilikuwa kisogoni. Sasa aliinua macho. Kwenye kioo Mwalimu alikuwa ameuma meno mpaka taya limetuna. Mikono ilikuwa imekaba kingo za kiti. Machozi yalikuwa yanashuka bila sauti, na nyusi zilikuwa zimepanda, macho yamekodoka, kama mtu aliyekutana na nyoka.

Macho yao yakakutana. Mwalimu akatabasamu haraka.

"Nakuumiza?"

"Hata kidogo. Ni mkono ule ule, mwepesi."

Mwepesi akainama akaangalia kisogo. Kwenye mizizi ya kila rasta ngozi ilikuwa imeinuka, imekuwa nyekundu, vipele vimeanza. Zamani vidole ndivyo vilivyomwambia: hapa tosha, hapa legeza. Hivi vilivyobaki havikusikia kitu. Vilijua kuvuta tu. Na kile kichwa cha plastiki kilichokuwa kikimchekea miezi sita, hakikuwa na namna ya kulia.

Mwalimu angevumilia mpaka mwisho. Hilo Mwepesi alilijua, kama alivyojua kovu lililokuwa nyuma ya sikio lake. Angevumilia, kichwa kingekamilika, Mama Vioo angepiga makofi, Kitinda angehama kiti akiimba. Na keshokutwa angekuja mwingine wa kuvumilia.

Akaweka chanuo chini.

"Kitinda."

"Abee, dada."

"Njoo umalizie."

Redio alinyamaza katikati ya neno. Kitinda alibaki ameshika ufagio kama mtoto aliyeambiwa aingie kwenye maji.

"Dada, ni nusu. Mkono wangu na wako... Itaonekana."

"Iache ionekane."

Alimwinulia Kitinda mkono, akamwekea chanuo kiganjani, akakikunja kiganja kile, vidole vyote vitano, kwa kidole chake kidogo. Kisha akaweka mkono wake begani kwa Mwalimu, kidogo tu.

"Nilikwambia angalia mbele," alisema. "Haikuwa kosa lako. Ni mimi niliyekuwa na kichwa."

Mwalimu alianza kulia kwa sauti, na Mwepesi akaondoka kabla hajaanza yeye.

"Dada! Unakwenda wapi? Ngoja, nakuja." Kitinda alikuwa ameshapiga hatua mbili.

"Una kichwa," alisema Mwepesi bila kugeuka.

Hatua zikasimama. Alijua zitasimama, alimfundisha yeye.

Alipita kiti cha mlangoni asikae. Vioo saba vilikuwa nyuma yake, na katika vyote saba, kwa mara ya kwanza, wateja na wasusi ndio waliokuwa wanaangalia kisogo chake. Nje jua lilikuwa kali. Fundi baiskeli wa jirani aliinua kichwa amsalimu, akaona anavyotembea, akarudi kwenye mnyororo wake.

Alikuwa hajafika mbali aliposikia kutoka ndani, wazi kabisa katika kimya kile: ko! Kitinda alikuwa anavivuta vidole kabla ya kuanza. Ko! Mwepesi aliendelea kutembea, akavihesabu vyote kumi kwa masikio. Cha mwisho kilivutwa mara mbili.

Pale barabara inapokata kona alisimama kidogo kurekebisha pamba kwenye kiatu. Halafu akakata kona. Kiti cha mlangoni walikiacha palepale miezi mingi, hakuna aliyekubali kukikalia, lakini Mwepesi hakurudi.